Aliyebeba Umeme Mfukoni

Mbele ya sanduku la umeme, Fundi alitumia mkono mmoja tu. Wa kulia ulifanya kazi. Wa kushoto ulikaa mfukoni, na mfuko ukiwa umejaa aliuweka mkono nyuma ya mgongo, kama mwalimu anayepita kati ya madawati siku ya mtihani.

"Mukono moja ni kazi," alisema. "Mikono mbili ni matanga."

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilitafuta sababu kitabuni na kuikuta: umeme ukiingilia mkono mmoja na kutokea wa pili, hupita kifuani penye moyo. Nilirudi Butembo likizoni nikamweleza kwamba alikuwa na haki. Aliniangalia kama mtu anayeambiwa na mgeni kwamba nyumba anamolala ni yake.

Simwandiki kwa jina. Pale mtaani Bulengera hakuna aliyelitumia. Akina mama walimwita Chef, patron, tajiri wetu, alimwita Muzee, mimi nilimwita papa mbele yake na Fundi nilipomsimulia kwa wengine. Nilimjua tangu nikiwa mwanafunzi wa sekondari, mama yangu aliponituma na beseni la mahindi kwenye mashine ya kusagia aliyoitunza. Baadaye, nilipomaliza masomo ya umeme wa viwandani na kukosa kiwanda, nilifanya kazi naye pale pale kwa miaka miwili.

Alikuwa mfupi, mwenye ovaroli ya kaki na nyusi ambazo unga ulizifanya nyeupe kabla ya umri. Alikuwa shemasi kanisani na sauti ya chini kabisa katika kwaya, mtu ambaye wimbo ulimngoja. Mahubiri yakianza alilala. Alilala wima, mikono juu ya magoti, na wimbo wa mwisho ulipotangazwa aliamka akiwa tayari na noti yake. Nilimwuliza kama hilo si dharau. "Mungu anajua miye nasikia na mufupa," alisema.

Mtu huyu, ambaye angeweza kugusa mota iliyokuwa ikitetemeka kama ng'ombe mwenye homa, aliogopa radi. Mawingu yakinguruma juu ya vilima aliacha kazi, akaenda kuketi kwa fundi viatu aliyekuwa jirani, akijikunyata kati ya soli kuukuu. Nilimcheka. Akasema umeme wa mashine una mwenye kuujibu: kuna mtu aliyeuwasha, na kuna mtu atakayeuzima. "Ule wa kule juu, nani anaujibu?"

Kujibu lilikuwa neno lake kubwa. Nitalirudia, kwa sababu ndilo lililomwumiza.

Kwanza niseme juu ya mfuko. Mashine yetu ilipata umeme kupitia fyuzi tatu za kauri, fusible tunavyoziita kwetu, kila moja nene kama gunzi la hindi. Kila mara mashine ilipotaka kuguswa ndani, hata kwa kuondoa punje moja, Fundi alichomoa fusible zote tatu, akazitia katika mfuko wa kifuani, akafunga kifungo. Ndipo alipoingiza mkono. Sheria yake ilikuwa fupi: mwenye mkono ndani ndiye mwenye fusible mfukoni. Hakumpa mwingine azishike, hata mimi, hata patron.

Siku moja patron alifika na mgeni. Patron alikuwa mfanyabiashara mwenye malori ya Beni, mtu tuliyemwona mara chache. Alikuta kimya, foleni ndefu, na miguu ya Fundi imejitokeza chini ya mashine.

"Muwashe, mugeni aone," patron aliamuru.

"Haiwezekane, Patron," miguu ilijibu.

"Juu ya nini? Umeme hakuna?"

"Umeme iko. Iko nami huku chini."

Mara nyingine alienda na fusible zake nyumbani, Kimemi, akala, akalala usingizi wa mchana, huku foleni nzima ikimsubiri. Mkewe ndiye aliyehisi kitu kigumu alipotaka kufua ovaroli. Fundi alirudi akipanda kilima kwa miguu, fusible zikigongana kifuani, na akina mama walimpokea kwa vigelegele vya kumkomesha. Mmoja wao, muuza unga mwenye ulimi usiolala, alimwambia, "Chef, kama hayo mayai yamekaribia kutotoa, tuambie, tutafute kuku ingine." Fundi alicheka kuliko wote. Kesho yake alizichomoa vilevile na kuzitia mfukoni vilevile.

Kama angekuwa na sheria hiyo peke yake, ningemheshimu bila maneno. Lakini alikuwa nazo nyingi, na zote alizipa uzito uleule. Hakuna kupiga mluzi karibu na mota. Hakuna ncha ya kitenge inayoning'inia. Aliyegombana nyumbani asiguse mashine siku hiyo. Kabla ya kufungua sanduku la umeme, weka punje ya chumvi ulimini. Asubuhi aliisalimu mota kwa Kinande, "Wavukire," akiigusa shavuni kwa mgongo wa kiganja. Hiyo ya salamu niliidharau mwaka mzima, mpaka nilipotambua kwamba alikuwa akipima kama imelowa ukungu wa usiku, na kwamba mgongo wa kiganja hutumiwa kwa sababu umeme ukikushika kwa ndani, vidole hufumba na huwezi kuachia.

Basi nikamwomba azitenganishe. Nilichukua daftari, nikachora mistari miwili, huku elimu, huku imani. Nilimwambia mtu mwenye akili anajua ni ipi kati ya sheria zake inayomlinda.

"Bwana Juu-ya-nini," alisema. Ndilo jina alilonipa, na foleni nzima ililishika. "Weye unachambua mchele mpaka bugali ya jirani inaisha. Miye nakula na vijiwe vyake, na meno yangu ingali yote."

"Siku moja utavunja jino, papa."

"Siku hiyo utaniletea daftari."

Nyumbani kwake, mtu huyo wa sheria aliishi chini ya nyaya za aibu. Taa ya sebuleni ilining'inia kwenye waya mbili zilizosokotwa na kufungwa kipande cha mfuko mweusi wa plastiki. Mkewe alinionyesha nilipoalikwa kula. "Mutazame, bwana mwenye diplome. Kwa watu eko fundi. Hapa tunawasha taa na fimbo ya ufagio." Fundi aliendelea kumega bugali. Alisema kila wiki kwamba ataitengeneza Jumamosi, na kila Jumamosi kulikuwa na foleni.

Wakati wa Ebola, watu walipoacha kushikana mikono mjini na ndoo za maji ya dawa zikawekwa kila mlango, yeye alifurahi kidogo, kwa namna isiyofaa kusemwa. Kazini hakuwahi kumpa mtu mkono. Alitoa kiwiko. "Sasa muji muzima umekuwa électricien," alisema.

Narudi kwenye neno kujibu. Kati ya mafundi wa rika lake kulikuwa na desturi ambayo sikuikuta kitabuni. Mtu akimaliza kazi na kusema "miye naijibu", kazi hiyo haikaguliwi mbele ya watu. Unaweza kumkataa kabla hajalisema. Akishalisema, unaipokea. Fundi, aliyekaza kila skrubu yake mara tatu, aliyerudi kutoka njiani kuhakikisha swichi yake mwenyewe, hakuchungulia kazi ya mtu aliyeijibu. Mchomeleaji mmoja alitutengenezea miguu ya chuma ya kubebea mashine. Alisema anaijibu. Fundi akasimamisha mashine juu yake papo hapo, bila hata kuitikisa.

"Papa, uitikise kwanza," nilimnong'oneza.

"Mutu amesema anaijibu. Nikiitikisa mbele ya batu, nimemuita mwongo."

"Na kama ni mwongo?"

"Itamwangukia yeye."

"Itakuangukia weye, papa. Ndivyo batu banakufaka."

Nilimwambia hivyo hivyo, kwa kinywa changu. Akanipa kiwiko, ishara kwamba mazungumzo yamekwisha.

Nilikuwa na miezi sita kazini nilipomshawishi patron aagize sanduku jipya la kuwashia mota, coffret yenye kitufe cha kijani na chekundu. Ndani yake kuna chuma kinachovutwa na sumaku. Ukifinya kijani, sumaku inavuta chuma, mashine inazunguka. Umeme ukikatika, sumaku inaachia. Umeme ukirudi, mashine haiwaki yenyewe mpaka mtu afinye kijani tena. Nilimweleza Fundi kwa mchoro. Aliuliza maswali mazuri kuliko ya wenzangu chuoni. Kisha, mashine ilipotaka kusafishwa, alichomoa fusible akatia mfukoni.

Nililichukulia kama tusi. Leo naona nilikuwa nataka kitu kimoja tu: mzee huyu akubali kwamba nimesoma. Kwa hiyo kila siku nilimwuliza juu ya nini anazichomoa. Nilimwuliza mbele ya akina mama, nikijua foleni itanisaidia. Patron naye, niliyemwelezea muda unaopotea, alisema Muzee ajifunze mambo ya sasa. Hakuna aliyewahi kuumia pale. Nilisema kwamba hilo lilionyesha fusible hazikuwa na kazi, na hakuna aliyenicheka.

Coffret ilikuwa na udhaifu mmoja. Umeme wetu hutoka kwenye bwawa dogo, na Jumamosi mashine zote za mtaa zikisaga pamoja, unadhoofika. Sumaku ikikosa nguvu haishiki chuma vizuri. Inatetemeka, tatatata, kisha inaachia, na mashine inazima katikati ya debe la mama fulani. Mjini kwetu kila mtu anajua dawa yake. Unachonga kipande cha mti, unakichomeka mbele ya chuma, na chuma kinakaa ndani hata sumaku ikitaka kuachia. Kuanzia hapo kitufe chekundu hakizimi kitu, na umeme ukikatika na kurudi, mashine inarudi nao. Profesa wangu angenifukuza darasani. Nilikuwa nimewasema vibaya wenye mashine wengine kwa jambo hilohilo.

Jumamosi moja, karibu na saa sita mchana, coffret ilizima mara tano. Foleni ilianza kunitania: mashine ya diplome imechoka, turudishie ya mayai. Fundi alikuwa nje akishona chujio. Nilichonga kipande cha mkaratusi chenye urefu wa kidole, nikakichomeka. Mashine ikanguruma bila kukatika. Nikaacha mlango wa coffret wazi kwa sababu mti ulijitokeza. Nilijiambia ni kwa leo tu.

Baada ya saa moja hivi umeme ulikatika mtaa mzima. Mkanda ulikuwa umechomoka kwenye puli, lile gurudumu la mota. Akina mama walikuwa nje, kivulini nyuma ya ukuta, wasikouona mlango. Ndani tulikuwa wawili. Fundi aliingia, akapita mbele ya coffret, mkono tayari kifuani kufungua kifungo cha mfuko. Akasimama.

"Donc," alisema, "kama courant inarudia nikiwa na mukono pale, haiwake?"

"Haiwake, papa. Mpaka mutu afinye kijani."

"Unaijibu?"

Nimejiuliza mara nyingi kama wakati huo nilikuwa nimesahau kile kipande cha mti. Mtu kama mimi anapenda kujiuliza, na jibu langu hubadilika kulingana na siku. Kuna siku naapa nilisahau. Kuna siku nakumbuka kwamba jicho langu lilikwenda kwenye coffret na kurudi. Ninachojua kwa hakika ni kwamba mzee alikuwa ameuliza swali nililolingoja mwaka mzima, na mimi nilikuwa najibu juu ya mashine ya daftarini.

"Naijibu," nilisema.

Akatoa mkono kwenye kifungo. "Bon. Leo tutafuata masomo yako."

Alijikunja pembeni, uso ukutani, akaanza kurudisha mkanda kwenye puli kwa mikono yote miwili. Umeme ulirudi.

Sitaeleza sauti. Nilichomoa kipande cha mti, mota ikasimama, nikakitia mfukoni. Kisha nilikwenda kumtoa mkono, nikirudisha puli nyuma kwa nguvu, na akina mama wakaingia.

Hospitalini walikata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vilibaki gumba na kidole kidogo.

Patron alifika jioni ile ile mashineni. Aliniuliza kama coffret ina kasoro. Nilimwambia aangalie. Nilifinya kijani, ikawaka. Nilifinya chekundu, ikazima. Jumamosi jioni mashine nyingine zilikuwa zimefungwa na umeme ulikuwa na nguvu. Aliuliza nilikuwa wapi. Nilisema nilikuwa mlangoni. Basi jibu lilijitengeneza lenyewe, na sikulazimika kulisaidia: Muzee alikuwa amesahau kuchomoa fusible zake kwa mara ya kwanza, na tena, kwa kuchanganyikiwa, alikuwa amefinya kijani mwenyewe kabla ya kushika mkanda. Amezeeka. Kichwa kimeanza kumwacha. Watu walilisema kwa huruma, na huruma yao ilikuwa nzito kuliko lawama.

Patron alipomwuliza, alisema mambo mawili tu. Kwamba hakugusa kijani. Na kwamba alipopita, coffret ilikuwa wazi. Lakini kila aliyeingia aliikuta imefungwa, na hilo likathibitisha kwamba haoni vizuri wala hakumbuki vizuri. Nilimtembelea hospitalini mara mbili na matunda. Hakuniuliza lile neno. Nadhani nilikuwa nimelijibu, na desturi yake haikumruhusu kulichungulia.

Nyumba ya Kimemi waliifunga. Binti yake mkubwa, mshonaji, aliwachukua wazee wote wawili kwake Beni. Mimi niliacha mashine na sasa nafundisha umeme katika shule ya ufundi. Wanafunzi wangu wote wanajua kwamba mwenye mkono ndani ndiye mwenye fusible mfukoni. Wananiuliza nimeitoa wapi. Nasema kwa mzee mmoja.

Ningeendelea hivyo, nina hakika. Lakini mwaka huu muuza unga yule mwenye ulimi, anayekwenda Beni kwa biashara, alinikuta sokoni akanipa habari zake. Alisema Fundi haimbi tena. Alijiondoa mwenyewe kwenye kwaya, akisema mtu anayeweza kufinya kitufe bila kujua anaweza pia kuharibu wimbo. Binti yake hamruhusu kuvuka barabara peke yake wala kugusa taa, na yeye hapingi. "Eko kama mugeni ndani ya kichwa yake," yule mama alisema.

Nilikuwa nimezoea kuhesabu vidole vitatu. Kumbe kulikuwa na kingine.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Beni siku ya Jumapili. Binti yake alinipokea mlangoni, uzi bado mdomoni.

"Karibu. Usimushangae," aliniambia kwa sauti ya chini. "Akianza maneno ya coffret, umuitikie tu. Docteur alisema tusimubishie."

Fundi alikuwa uani, juu ya kigoda, mbele ya turubai la kakao iliyoanikwa. Aligeuza punje kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mapajani, umefunikwa kitambaa. Alikuwa amekonda, na nyusi, bila unga, zilikuwa nyeupe kweli. Aliniita Juu-ya-nini. Tuliongea kuhusu barabara, bei ya kakao, waliohama kutoka upande wa Mangina. Aliongea polepole na kila sentensi aliikagua kabla ya kuitoa, akimtazama mkewe aliyekuwa akichambua majani ya sombe karibu na mlango, kama kumwuliza kama amesema sawa. Mtu ambaye hakuwahi kuomba ruhusa hata ya patron.

Mkewe alipoingia ndani na sombe yake, nilianza. Sikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia Jumamosi ile niliweka mti ndani ya coffret.

Mkono wake ulisimama juu ya kakao.

"Muti gani?"

"Mukaratusi."

"Urefu?"

Nilimwonyesha kidole.

"Uliingiza juu ao pembeni?"

"Pembeni, papa. Mbele ya chuma."

Alifumba macho. Nilimwona akiijenga mashine kichwani, waya kwa waya, kama zamani. Ilimchukua muda, kisha alipofika mwisho alitoa pumzi. "Donc umeme ilirudi yenyewe."

"Ilirudi yenyewe. Haukufinya kitu."

"Na coffret ilikuwa wazi."

"Ilikuwa wazi."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa msamaha, na huo wa pili ndio niliouogopa zaidi. Hakunipa chochote. Alisema, bila kunitazama, "Miaka hii yote nilikuwaka nafikiri akili yangu imeoza. Nikilala, nairudilia. Napita, coffret iko wazi. Nageuka, imefungwa. Nikasema, muzee, unaona vitu havipo."

Kisha akamwita mkewe, akamwita binti yake. Walitoka, mmoja na maji ya sombe mikononi, mwingine na mkasi. Binti alinikazia macho, akidhani nimembishia.

"Muketi," Fundi alisema. "Huyu eko na maneno. Weye, anzia kwa muti."

Nilianzia kwenye mti. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu wao walielewa polepole, na nililazimika kuwaeleza sumaku ni nini na chuma ni nini, kama darasani, huku nyuso zao zikibadilika. Nilisema kwamba niliahidi ninaijibu. Nilisema niliidanganya familia na patron kwamba nilikuwa mlangoni. Nilisema nilichomoa mti nikautia mfukoni, kisha nikaenda kumtoa mkono.

"Simama pale," Fundi alisema. "Ulichomoa muti, mota ikasimama. Mukono yangu ilikuwa wapi?"

"Kwa mukanda."

"Ingali imeshikwa?"

"Ndiyo, papa."

"Na coffret, nani aliifunga?"

Jambo hilo sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote, na hata katika kurasa hizi nimelipita pale nilipopaswa kulisema.

"Miye."

"Mbele ya kuja kunitoa, ao nyuma?"

"Mbele. Kabla ya kukutoa."

Binti yake aliweka mkasi chini. Mlango wa coffret ile haukai bila kukazwa. Fundi alilijua hilo, yeye ndiye aliyenisaidia kuipandisha ukutani.

"Mulango iko na skrubu ine," alisema. "Ulikaza ngapi?"

"Moja."

"Ulikaza na vidole?"

"Na tournevis." Ile bisibisi yetu ya kazini.

Nilikuwa nikitazama kakao kwa sababu sikuweza kutazama kitambaa kile mapajani. Nilipoinua macho, hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amewageukia wao wawili, mgongo umenyooka, na sauti ilitoka chini kabisa.

"Niliwaambia," alisema. "Pale hospitali, siku ya kwanza. Niliwaambia nilisikia tournevis."

Mkewe alijifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole.

"Ulituambia, baba batoto," alijibu. "Ulituambia."